Akiba Iozayo

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, na kauli hiyo imepokelewa kizazi kwa kizazi kana kwamba ni ushahidi wa macho. Lakini hao hao walioinena walikuwa na mtama ulioliwa na fukusi ghalani, nazi zilizochipua zikingoja mnunuzi, na papa mkavu aliyeingia funza kila masika yalipokawia kukatika. Walijua vyema kuwa akiba huoza. Yaelekea, basi, kwamba methali yao haikukusudia kueleza hali ya vitu. Ilikusudia kumhimiza mtu aweke. Aliyehimizwa kuweka, hata hivyo, hakuambiwa afanye nini baada ya kuweka. Hapo ndipo penye suala la makala haya: kitu kilichowekwa, kisichotumika, kisicholia wala kuomba, kina haki gani juu ya mwenyewe?

Suala hili laweza kuulizwa juu ya mambo makubwa, kama lugha isiyosemwa au udugu usiotembelewa, na wako waliouliza kwa ufasaha. Hapa litaulizwa juu ya kitu duni, yaani betri ya mashua, kwa sababu kitu duni hakina wa kukipamba, na hoja inayosimama juu yake haitasaidiwa na machozi ya msomaji.

Katika visiwa vya Stockholm, nchini Sweden, ambavyo kwa hesabu iliyozoeleka hufika 30,000 vikubwa kwa vidogo, msimu wa mashua ni mfupi. Bahari ya Baltiki ina chumvi haba mno. Maji ya upande ule yana kiasi cha sehemu 5 au 6 za chumvi kwa kila 1,000, ilhali Bahari ya Hindi ina kama 35. Bahari ya namna hiyo huganda bila ya taabu. Kwa hivyo ufikapo mwezi wa Septemba na Oktoba, wenye mashua huzitoa majini moja baada ya moja, wakazining'iniza kwa kreni, wakaziegemeza juu ya magogo, na kuzifunika kwa maturubai. Matanga hukunjwa, injini hutolewa maji yasije yakaganda ndani yake. Hubakia betri. Mwenye nguvu za mikono huibeba nyumbani, kilo 20 na ushei, 30 kwa zilizo kubwa, na kuiweka katika ghala au chini ya ngazi. Asiye na nguvu huiacha mashuani. Kisha hufunga mlango, hurejea mjini, na bahari husahauliwa hadi Aprili au Mei.

Miezi sita, basi, kitu hicho hukaa gizani. Ni nini kinachotendeka ndani yake?

Betri ya maji, kama mafundi wa pwani waiitavyo ili kuitofautisha na ile kavu, ilibuniwa Ufaransa na Gaston Planté mwaka 1859, na misingi yake haijabadilika tangu hapo. Ni mabamba ya risasi, mengine yakiwa yamepakwa oksidi ya risasi, yaliyotumbukizwa ndani ya tindikali ya salfa iliyozimuliwa kwa maji. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kitu. Inapotoa umeme, salfa huiacha tindikali ikaenda kushikamana na risasi juu ya mabamba, na tindikali ikazidi kuwa maji. Inapochajiwa, salfa hurudi ilikotoka. Kwenda huko na kurudi huko ndio uhai wake wote. Betri iliyojaa na kutulia huonesha volti 12.6 au 12.7, iliyobakiwa na nusu huonesha kama 12.2, ikishuka chini ya 12 imeshakaribia kwisha. Baina ya shibe na njaa hamna hata volti moja nzima. Jicho halioni tofauti hiyo, wala mkono hauipimi kwa uzito.

Na betri iliyowekwa haijatulia. Hata ikifunguliwa waya zote, hupoteza asilimia kadhaa ya umeme wake kila mwezi kwa mwendo wa ndani usiosikika. Kila kinachopotea huacha juu ya mabamba fuwele za risasi na salfa. Mwanzoni fuwele hizo ni ndogo na laini, na chaji huziyeyusha mara moja. Zikiachwa hukua, hushikana, huwa ngumu kama chumvi iliyokauka mtungini, mpaka hakuna chaji iwezayo tena kuzirejesha majini. Hapo fundi husema kwamba betri "haishiki". Neno hilo lina usahihi wa ajabu: umeme unaingia, lakini hakuna cha kuupokea. Kilichoharibika si kile kilichokuwamo, maana hicho chaweza kutiwa tena kwa saa nane. Kilichoharibika ni uwezo wenyewe wa kuwa na kitu.

Kisha kuna habari ya baridi, nayo ingemstahiki mshairi kuliko fundi. Ujoto ukipungua kwa nyuzi 10, mwendo wa betri kujipoteza hupungua kwa takriban nusu. Kwa hivyo baridi ni rafiki wa kitu kilichowekwa. Tindikali ya betri iliyojaa haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 50 chini ya sifuri, na baridi ya namna hiyo haifiki Stockholm. Lakini betri iliyo tupu, ambayo tindikali yake imeshakuwa karibu na maji, huganda kwenye nyuzi kama 7 hadi 10 tu chini ya sifuri, baridi ambayo usiku mmoja wa Januari unaweza kuileta. Barafu hutanuka, mabamba hupinda, kasha hupasuka. Betri mbili za kiwanda kimoja, za umri mmoja, zimewekwa ubavu kwa ubavu katika ghala moja. Usiku ule ule unaoihifadhi moja huipasua nyingine, na sababu ilikwishatiwa tangu Oktoba, kabla ya theluji ya kwanza kuanguka.

Matunzo yanayotakiwa si mazito. Betri huchajiwa ikajaa kabla ya kuwekwa. Ikishajaa, huongezwa maji safi ya betri yasiyo na chumvi mpaka mabamba yafunikwe vyema. Waya wa hasi hufunguliwa mwanzo, kisha wa chanya, kwa kuwa vitu vidogo visivyokumbukwa, kama saa ya dashibodi, kumbukumbu ya redio au pampu ya ngama ijiwashayo yenyewe, huinyonya usiku na mchana. Vichwa vyake husafishwa kwa magadi na kupakwa mafuta mazito. Halafu, kila mwezi mmoja au miwili, mtu huenda na kipimo chake, na akiona imeshuka kufika kama 12.4, huichaji tena, mahali penye hewa, maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Hesabu ya saa zote hizo kwa majira mazima ya baridi haifiki siku moja ya kutweka tanga.

Iweje basi kila mwaka, mashua zinaporudishwa majini, betri zilizokufa ziwe jambo la kawaida hata lisimshangaze mtu? Jibu jepesi ni uvivu, na jibu jepesi halitoshi. Watu hao hao huosha matanga yao, husugua mbao, hupaka rangi kwa magoti yaliyochubuka. Wanayatunza yale wayaonayo. Tanga likioza huonekana doa. Ubao ukipasuka huonekana ufa. Betri hufa na sura yake ileile. Hapana harufu, hapana kutu, hapana kilio. Methali ya usipoziba ufa haimsaidii mwenye kitu kisichoonesha ufa.

Hapa hudaiwa na baadhi ya watu kuwa hakuna suala lolote la maadili. Betri ni kitu, haina hisia, haidhulumiki. Mwenye nacho akikiua amejitia hasara yake mwenyewe, na mtu hana kesi na mfuko wake. Hoja hii ina nguvu, na hapana haja ya kuikimbia kwa kuitia betri roho ambayo haina. Ila inasahau jambo moja, nalo ni kwamba mtu aliyeweka na mtu atakayekuja kuchukua hawako katika saa moja. Mwenye mashua wa Oktoba ana nafasi na ana chaja mkononi. Wa Mei ana abiria ufukweni, pengine mtoto aliyevishwa jaketi la kuokolea, na injini isiyoguruma. Huyu wa pili hawezi kumwamuru wa kwanza, wala kumlaumu hakumfai, kwani kila kilicho katika uwezo wake kiliamuliwa wakati yeye hayupo. Akitoka na betri inayotoa umeme wa kuwasha injini mara moja tu, basi pampu itasita pale maji yatakapoingia ngamani na taa hazitaonekana usiku. Watakaokuwamo chomboni humo hawakuwekewa kitu chochote, ila wametegemea kilichowekwa.

Uhusiano wa namna hii watu wa pwani wana neno lake, nalo ni amana. Neno hilo limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na imani, amini na amani, na haikosi sababu kukaa ukoo mmoja. Wanazuoni wa fikihi wamelijadili kwa undani katika mlango wa vitu vilivyowekwa kwa mtu. Mwenye kuwekewa, wanasema, halipi kitu kikiharibika kwa ajali isiyo na mkono wake. Hulipa kwa mambo mawili, kuvuka mpaka na kuzembea. Kuvuka mpaka ni tendo: ametumia asichoruhusiwa kutumia. Kuzembea ni kutotenda: hakukiweka pale vitu mfano wake viwekwapo, hakukilinda kama vitu mfano wake vilindwavyo. Uzito wa kanuni hiyo umo katika maneno hayo ya "mfano wake". Mnyama aliyewekwa anataka majani na maji, na mwenye kumfungia zizini kwa kufuli imara akamwacha na njaa hawezi kujitetea kwa kusema kuwa hakumgusa. Kutogusa kwenyewe ndiko kosa. Betri, kwa hali hiyo, iko karibu zaidi na mbuzi kuliko na sanduku la dhahabu. Dhahabu hutunzwa kwa kuiacha. Betri ikiachwa kama dhahabu hufa na njaa.

Watu wengi huweka kila kitu kama kwamba ni dhahabu, nalo ndilo kosa la msingi.

Kwa upande mwingine, wema pekee hautoshi. Wako wanaoipenda betri yao hata wakaiunganisha na chaja ya kizamani isiyojizima na kuiacha hapo majira mazima. Hiyo huchemka polepole, maji yake huruka, mabamba hubaki wazi na kuliwa, na mwenyewe hupata huzuni ya mtu aliyeua kwa mapenzi. Chaja za siku hizi hushusha nguvu zenyewe zikaishikilia betri kwenye volti 13 na nusu hivi, kiasi cha kurudishia kinachopotea tu, na hata hizo zinataka kutazamwa. Kisha zimekuja betri za lithiamu, ambazo zimeenea mashuani katika miaka ya karibuni, nazo zimevuruga mafunzo yote ya wazee. Betri ya lithiamu haipendi kuwekwa ikiwa imejaa pomoni. Huwekwa na nusu yake au zaidi kidogo. Hujipoteza kidogo sana. Na kuichaji kukiwa na baridi iliyo chini ya sifuri ni kuiharibu, hata kama mchajiji ana nia njema kuliko watu wote wa kisiwa. Kinachoiokoa ya risasi huidhuru ya lithiamu. Hakuna kanuni moja ya kutunza itakayomwondolea mtu kazi ya kujua ni kitu gani alichonacho.

Inafaa kutaja hapa, japo ni kando ya njia, ile imani ya mabaharia na madereva ya nchi nyingi kwamba betri isiwekwe juu ya sakafu ya saruji, kwani saruji hunyonya umeme. Zamani, makasha yalipokuwa ya mbao au ya mpira, unyevu na uchafu viliweza kupitisha umeme kidogo, na imani hiyo ilikuwa na chembe ya haki. Makasha ya leo ni ya plastiki ngumu, na saruji haiyafanyi lolote. Hata hivyo mzee anayeinyanyua betri yake kila mara kuitafutia ubao wa kuikalisha huwa ameitazama, ameipangusa vumbi, amekumbuka kuwa ipo. Sababu yake ni ya uongo na betri yake ni nzima. Mjuzi anayemcheka huenda akawa na ya kwake iliyokufa.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitenganisha baina ya kuwa na sifa njema na kuitenda. Mtu, alisema, anaweza kuwa na wema na akawa amelala. Na katika michezo ya Olimpia hawavishwi taji walio wazuri na wenye nguvu, bali wanaoshindana. Maana yake ni kuwa uwezo uliolala bado ni uwezo, ijapokuwa hausifiki. Hoja hiyo ilimtosha kwa makusudio yake. Lakini inaacha picha ya usingizi kama mahali salama, ambapo mtu huuweka wema wake jioni na kuukuta asubuhi kama alivyouacha. Betri inashuhudia kinyume. Uwezo usiotendwa haukai palepale. Una mwendo wake, na mwendo huo ni wa kushuka. Lau kama Aristotle angalikuwa na mashua ya injini, labda angaliongeza sura nyingine juu ya hali ya tatu, ambayo si kutenda wala kulala, ila ni ile kazi ndogo ya kukiweka kilicholala katika hali ya kuweza kuamka. Kazi hiyo haina taji wala haina mtazamaji. Katika taarabu, mtu anayekwenda jukwaani kumpa mwimbaji fedha husemwa kuwa anamtunza, na kutunza huko hufanywa mbele ya macho ya watu wote, kwa madaha. Kutunza kwingine hufanywa ghalani, na mtu peke yake, na kipimo cha bei ndogo.

Manahodha wa majahazi waliijua hali hiyo ya tatu pasi na kuwa na betri. Chombo kilichopandishwa pwani kungojea upepo hakikuachwa tu. Mbao zikikaa juani hunywea, na pamba ya kalafati hulegea katika nafasi baina ya ubao na ubao. Kwa hivyo jahazi lililo nchi kavu humwagiwa maji ya bahari lisikauke. Hupakwa sifa juu na shahamu iliyochanganywa na chokaa chini, dhidi ya wadudu wa majini watoboao mbao. Mtu wa bara akipita na kuona mabaharia wanalimwagia maji jahazi lililotolewa majini, angesema wamerukwa na akili. Wao walijua kuwa chombo hupumzishwa bahari bila ya kupumzishwa maji.

Bado halijatajwa dai lililo zito kuliko yote, nalo linahusu betri baada ya kufa.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na zaidi ya robo tatu ya risasi yote inayotumika duniani huingia katika betri za namna hii. Risasi haiishi. Haiozi, na katika hili methali imepata ukweli wake wa kutisha. Betri iliyoachwa ikafa miaka mitatu kabla ya wakati wake ni kilo kadhaa za risasi zilizotangulizwa kwenye tanuri, na tanuri iko mahali fulani, na mahali hapo pana watu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kwa miaka kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na vumbi lake viliingia majumbani na maji yake yakapita vichochoroni. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aliambiwa na madaktari kuwa mtoto wake mchanga amelishwa sumu ya risasi, nayo imempata kwa maziwa yake mwenyewe. Aliongoza mapambano ya wakaazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwaamulia wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu hiyo ya fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa watoto wadogo hushambulia ubongo, na kilichopotea huko hakirudishwi kwa chaji yoyote.

Si haki kumtwisha mwenye mashua mmoja wa Sweden mzigo wa mtaa mmoja wa Mombasa. Betri yake huenda ilirudishwa dukani kwa utaratibu mzuri wa nchi yake na kuyeyushwa chini ya machujio ya moshi. Dhamana ya kiwanda ni ya kiwanda, na ya serikali ni ya serikali, kama mahakama ilivyogawa. Hata hivyo mfano wa Owino Uhuru unaijibu ile hoja ya kwanza kwamba mtu hana kesi na mfuko wake. Mfuko haukomei hapo. Anayesema "nitaitupa, nitanunua nyingine" ametumia kitenzi kimoja, kutupa, bila ya kusema wapi, na kwa kitu chenye risasi neno "wapi" ndilo neno zima. Hata mcha Mungu anayekimbilia kutomiliki, akisema asiye na mashua hana betri wala dhima, amesema kweli juu ya siku za mbele tu. Kwa kile alichokwisha kukinunua, mlango huo umefungwa. Hawezi kukiacha kirudi kuwa si chochote.

Yapo mambo ya karibu zaidi ya kuyapima. Katika pwani ya magharibi ya Unguja wavuvi wa dagaa huvua kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Sasa wengi hutumia taa za umeme mdogo zinazowashwa kwa betri. Dagaa hufuata mwanga gizani, kwa hivyo mbalamwezi inapokuwa kubwa mwanga wa taa haufui dafu, na vyombo hukaa pwani siku kadhaa mpaka giza lirudi. Wanawake wanaochemsha na kuanika dagaa hupumzika, na wanunuzi, baadhi yao wakitoka Kongo, hungoja. Kila mwezi, basi, betri ya dagaa ina majira yake ya baridi, nayo hupita katika joto la nyuzi 30. Kwa kanuni iliyotajwa ya nusu kwa kila nyuzi 10, betri katika joto hilo hujipoteza takriban mara 8 ya ile iliyo katika baridi ya sifuri. Siku 10 za mbalamwezi hapa ni kama siku 80 za theluji kule. Kisiwa kisichojua barafu kina kipupwe kikali kuliko cha Stockholm, ila tu hakionekani kwenye kalenda.

Na kuna tofauti mbaya zaidi ya hiyo. Betri ya Sweden huwekwa na mtu aliyerudi nyumbani mchana. Betri ya dagaa hushushwa alfajiri baada ya kuwaka usiku kucha, ikiwa imekwisha, na watu waliochoka. Mazoea ni kuipeleka kuchajiwa siku ile itakapohitajika tena. Kwa mwenye kuhesabu senti, mazoea hayo yana mantiki: kwa nini alipie umeme leo wa kutumika wiki ijayo, tena sehemu yake itavuja? Fedha ya leo ni ya mchele. Lakini katika siku hizo za kungoja, betri tupu katika joto, fuwele hukua haraka kuliko wakati mwingine wowote, na kila mbalamwezi huondoka na kipande cha uwezo. Betri iliyostahiki miaka minne haimalizi miwili. Hivyo maskini hulazimishwa na umaskini wake kununua mara mbili, na mwenye nafasi, aliyeweza kulipia chaji isiyohitajika leo, hununua mara moja. Ni vigumu kuuita huo uzembe kwa maana ya wanazuoni, kwani sharti la uzembe ni kuweza. Wavuvi wanaotumia chombo kwa ushirika wanaweza kuafikiana fedha ya chaji ikatolewa juu ya mavuno ya usiku wa mwisho kabla mgao haujaanza, kama itolewavyo fedha ya mafuta. Usiku huo ndio betri hurudi tupu na samaki bado wamo mikononi. Ukishagawiwa mgao, betri hurudi kuwa ya kila mtu, na kwa hivyo si ya mtu.

Inayobakia ni safari yenyewe ya kwenda kuchaji. Asubuhi ya kwanza ya mbalamwezi, wenzake wakiwa wamelala, kijana huifunga betri nyuma ya baiskeli kwa mpira, akiitazama isiinuke upande na kumwaga tindikali juu ya kisigino chake, na huenda mwendo wa polepole hadi penye chaja. Huko huulizwa kama wanatoka kuvua leo. Husema hapana, hawatoki mpaka giza lirudi. Mwenye chaja humtazama kidogo, kisha huipokea na kufungua vifuniko vyote sita.